Weupe Tulioufurahia Kifuani mwa Mume Wangu

Wadogo zangu, mniwie radhi kwa mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nne, na mbele za watu sijui kusema. Ndiyo maana naandika, tena polepole.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri. Mume wangu Selemani, mpakuzi wa makaa bandarini, alirudi nyumbani kwetu Mtoni na picha ya kifua chake. Alikuwa anakohoa tangu masika. Hospitali walimwambia daktari hayupo, airudishe Jumatatu asomewe.

Nani angengoja Jumatatu? Baba mkwe aliitundika dirishani, majirani wakaja. Upande mmoja wa kifua ulikuwa mweusi juu hadi chini. Upande wa pili palikuwa na weupe, kama pamba iliyochambuliwa.

"Makaa hayo!" alisema jirani yetu, Mzee Kombo. "Sele, kumbe mengine unayapakulia tumboni?"

Tulicheka. Hata Selemani alicheka, akakohoa.

"Na hapa peupe, baba?" niliuliza.

"Hapo pazima, mkwe wangu. Peupe pana ubaya gani?"

Kwetu sisi nyeupe ni kanzu ya Ijumaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba hata sanda ni nyeupe.

Jumatatu hakwenda. Aliitwa fundi wa kuumika, akamchanja na kumtoa damu kwa pembe upande ule mweusi, tena na tena, mpaka mfungo ukaingia. Selemani akawa hawezi kuinua hata ndoo.

Ndipo akaja shangazi yake kutoka Mbagala. Nilimpa shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwa mgonjwa.

"Nani humu amefundishwa kuisoma picha hii?"

Baba mkwe aliishusha picha dirishani, akampa.

"Kaka, unamchanja mwanao kwa kubahatisha? Inuka, tumpeleke!"

Daktari aliiweka picha mbele ya taa, dresa, msaidizi wake, akatufasiria. Weusi ni hewa, pafu zima ndivyo linavyoonekana. Weupe ule ni mahali hewa imekosa nafasi, pamejaa kitu. Kitu gani, picha peke yake haisemi. Pengine kichomi, pengine maji, pengine kovu la zamani. Kwa hiyo wakapima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Wakampiga picha mpya, nayo ilikuwa na weupe pande zote mbili. Upande tuliokuwa tukiuchanja ndio uliokuwa mzima mwanzoni.

"Mngekuja Jumatatu ile," alisema dresa, akageuka kuandaa sindano.

Sindano alichomwa. Tulimzika kabla ya Idi ya kuchinja.

Mwanangu unayesoma, hata kama umenizidi umri, picha ya kifua usiwape majirani wakusomee. Irudishe siku uliyoambiwa. Uliza weusi ni nini, weupe ni nini, na usione haya kuuliza tena. Mie niliuliza mara moja tu, nikajibiwa na asiyejua, nikaridhika.

Mungu awape pumzi, nyie na wanenu. Na kama kwenu yupo aliyeugua hivi akapona, tafadhali niandikieni, hata mistari miwili. Binti yangu ameanza kukohoa, na kesho anapigwa picha.