Anayekisomea Kiti cha Shangazi

Saa tatu asubuhi. Katika chumba kilicho juu ya duka la fundi viatu, mwanamke wa makamo anasoma kwa sauti sentensi aliyoiandika sasa hivi: "Kifurushi hiki hupunguza msongamano kwenye seva." Anakitazama kiti kilicho mbele yake. Hakuna aliyekikalia. Anaifuta sentensi na kuanza upya.

Wenzake kazini, ambao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, humwita Bi Maelezo. Kazi yake ni kueleza vifurushi vya programu, yaani programu zilizofungwa tayari kuingizwa kwenye mashine, kwa maneno machache, ili wasimamizi wa mifumo ya kompyuta wajue wanachokisakinisha kabla hakijawatokea puani. Ameshaeleza zaidi ya mia nne. Malipo yanatosha kodi na intaneti, mengine ni kujikaza.

"Nikiandika vizuri, hakuna anayenitafuta," anasema. "Wananijua nikikosea."

Kiti hicho kilikuwa cha shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu utotoni. Kompyuta hakujua hata kuiwasha, na ndiyo maana alifaa. Alisomewa kila maelezo, naye aliuliza swali lile lile: "Sawa, mwanangu. Na kinaharibu nini?" Asipojibiwa kwa lugha ya watu, alirudi kwenye pindo lake, na maelezo yakaandikwa upya.

Siku moja walinuniana kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Bi Maelezo akaandika peke yake kwamba kifurushi fulani husafisha mafaili yasiyotumika, akatuma. Hakusema kwamba kinafuta hata nakala za akiba, tena bila kuuliza. Haraka haraka haina baraka. Msimamizi wa kompyuta wa shule moja alikisakinisha, na kazi za wanafunzi za mwaka mzima zikapotea. Alimwandikia mstari mmoja tu: "Ungeniambia."

Bi Maelezo alirekebisha maelezo, akaomba radhi. Hakujibiwa. Shangazi alifariki mwaka jana, na tangu hapo chumba kimepoa hadi anasikia jirani akikoroga chai. Upweke unamuuma, wala hauonei aibu.

"Lile swali najiuliza mwenyewe," anasema. "Lakini najijibu upesi mno. Najihurumia."

Sasa ana mpango. Anataka mtu wa kumsomea maelezo kabla hayajatoka, na kati ya watu wote amemchagua yule msimamizi wa shule. Wiki nzima amekuwa akiandika ujumbe na kuufuta.

"Yeye kilishamharibia," anasema. "Hatanionea haya."

Mbele ya mwandishi wa makala haya, anausoma ujumbe kwa sauti kuelekea kitini. Anamwomba mtu yule awe anamuuliza, kila mara, kinaharibu nini. Kisha anautuma. Anailaza simu kifudifudi mezani, halafu anaigeuza tena.

"Hata akinitukana," anasema, "atakuwa amenijibu."