Mkono wa Kwanza

Germain Kabamba alichaguliwa kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Wapo watakaokuambia alichaguliwa kwa sera zake. Usiwasikilize, sera hizo hakuna aliyezikumbuka, hata mwenyewe. Alikuwa muuza nyama katika soko la Kikula, mtu mfupi mwenye shingo pana. Siku moja mlevi mwenye bunduki alitaka kuondoka na paja la ng'ombe bila kulipa. Germain akamzaba kofi moja tu, na bunduki ikaangukia kwenye beseni la matumbo. Habari hiyo ilizunguka mji wetu wote wa Likasi, huku Katanga, na kila kona iliyopita ilizidi kunenepa.

Ulipofika uchaguzi wa madiwani wa komini, yaani wilaya ya mji, vijana wa mtaa walichapisha uso wake kwenye fulana za njano, wakamtafutia na neno la kampeni: Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Walimaanisha kwamba yeye ni mkono na wao ni mkono wa pili. Alishinda. Wakambeba mabegani kuzunguka soko na kummwagia poda nyeupe kichwani mpaka akawa kama mtu aliyetolewa kwenye gunia la unga. Aliyembeba mbele upande wa kulia alikuwa Arsène, fundi wa kuchomelea vyuma, kiongozi wa vijana, kijana mwenye kifua na maneno mengi.

Hélène, mke wa Germain, aliacha meza yake ya samaki wa ziwa Tshangalele akaja kutazama. Hakupiga vigelegele.

"Papa Jaël," alimwambia jioni ile, akimwita kwa jina la mtoto wao huku akimpangusa poda masikioni, "bale batoto habakubebe bule. Bataomba kintu."

"Bataomba maji, bataomba taa ku barabara," alisema Germain. "Njo kazi ya konseye." Konseye ndiyo diwani kwetu.

Maskini! Wiki ya kwanza hakuna aliyeomba maji. Kwenye ukumbi wa komini madiwani walikuwa wengi kuliko viti, na vikao viwili vilikwisha kwa kubishana nani akae wapi. Lakini kwenye meza yake ya nyama watu walipanga foleni tangu alfajiri, nao hawakutaka nyama. Mwanamke mmoja alimleta mumewe aliyekunywa hela ya shule ya watoto. "Konseye, mupige tu kamoja," aliomba. Germain akampiga kamoja. Watu wakacheka, na yule mume mwenyewe akaenda kujisifu kwenye kilabu cha lutuku, gongo ya kwetu, kwamba amepigwa na serikali. Wakaletwa wengine: mpangaji mkorofi, kaka dhalimu, muuza mkaa anayepunja magunia. Nisifiche kitu, Germain alifurahi. Mtu akiambiwa kila siku kwamba mkono wake ni sheria, mwishowe huuamini.

Sasa ujue jambo moja kuhusu mitaa yetu. Watu wengi wako tayari kupiga, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mkono wa kwanza ndio unaobeba damu. Unaofuata huenda nyumbani ukanawa na kula bukari, ugali wetu. Kwa hiyo kundi la watu mia linaweza kumzunguka mtu mmoja na kupiga kelele tu, linangoja mkubwa afungue. Kabla ya uchaguzi mtaa ule haukuwa na mkubwa wa namna hiyo. Sasa ulikuwa naye, tena amepigiwa kura.

Wiki ya pili wakamleta Osée. Alikamatwa na betri ya pikipiki isiyo yake. Walimburuta kwa waya shingoni mpaka mbele ya meza ya Germain, mdomo umeshapasuka kwa kuanguka, lakini hakuna aliyekuwa amempiga bado. Osée aliinua macho.

"Papa Konseye, ni minye. Ni minye Osée. Minabebaka nyama yako."

Kweli, ni yeye aliyekuwa akimbebea nyama kutoka machinjioni. Hilo ndilo lililomuudhi Germain zaidi, kwamba mwizi ametoka mezani kwake. Wiki hiyo soko zima lilikuwa likilia wizi. Alifuta kiganja kwenye aproni akamzaba kofi, zito, la hasira. Kisha akageuka kumpimia mteja mbavu. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Alisikia jiwe la kwanza, akadhani ni kitu kimeanguka. Alipogeuka hakumwona Osée, aliona migongo tu. Alipiga kelele, naye alikuwa na sauti ya kuita wateja kutoka mwisho wa soko, lakini hakuna aliyesikia. Alipasua njia kwa viwiko. Kila aliyemvuta akageuka alikuwa na fulana ya njano, na kwenye kila fulana uso wake mwenyewe ulikuwa ukicheka. Alipofika katikati, tofali lilikuwa limeshafanya kazi yake. Osée alilala na ndala moja mguuni, na upande wa kushoto wa kichwa haukuwepo.

Arsène alimjia akihema, jasho likimtoka, amefurahi kama mtu aliyemaliza mavuno.

"Papa, weye njo unafungula, shiye tunamaliza!"

Polisi walikuja wakachukua mwili. Wakauliza nani ameona. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyepelekwa gereza la Buluo, wala aliyeogopa kupelekwa. Germain alinawa mkono kwa sabuni, akanawa kwa mafuta ya taa, akanawa tena. Alikaa kwenye kigoda uani na sahani ya bukari mbele yake mpaka ikapoa ikawa ngumu.

"Minye njo minamuua," alisema.

Alitegemea mkewe ambishie. Hélène alikuwa akipara samaki, na hakuacha.

"Ndiyo," alisema. "Bale bengine pia. Lakini mulango ulifungula ni weye."

Aliumia kusikia hivyo, akakasirika, halafu hasira ikakosa pa kwenda. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wake alikuwa tayari amelala chini ya udongo bila hata msalaba. Akamwapia mkewe kwamba mkono ule hautamgusa binadamu tena. Kuanzia siku hiyo waliokuja kuomba kofi aliwafukuza, nao waliondoka wakinung'unika kwamba konseye ameshaonja kiti na sasa anajiona.

Wiki ya tatu Chadrack akafa.

Chadrack alikuwa mchimbaji wa madini. Shimo liliwaporomokea akiwa chini, wenzake wawili wakatoka, yeye akatolewa kesho yake. Alikuwa mtoto pekee wa Carine, mjane wa mtaani pale. Aliyemlea na kumlipia shule alikuwa baba yake mkubwa Édouard, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, anayeishi peke yake karibu na kanisa. Wiki moja kabla, mzee na kijana walikuwa wamegombana barabarani mbele ya watu. "Utakufa mu ile shimo!" Édouard alimfokea. Kila mwenye akili angejua ni uchungu wa mzazi. Lakini kijana akishakufa, onyo hugeuka kuwa uchawi. Kufikia jioni ya kwanza ya kilio, mtaa mzima ulikuwa umeshajua nani amemla Chadrack.

Na kwetu maiti ya kijana huchukuliwa na vijana. Wazazi hawana sauti. Vijana hulibeba jeneza mabegani, hulizungusha, huliuliza aliyekuua ni nani, na jeneza huyumba, hukimbia, huvuta, mpaka lisimame kwenye mlango wa mtu. Nyumba hiyo hubomolewa, na mwenyewe akikutwa ndani, Mungu amsaidie. Germain alishabeba majeneza ujanani mwake. Alijua, kama kila aliyewahi kubeba anavyojua, kwamba jeneza huenda anakotaka yule wa mbele. Wa mbele siku hiyo alikuwa Arsène.

Habari ilimkuta Germain kwenye kikao cha komini, amevaa suti yake ya arusi. Hakuaga. Alikimbia barabara nzima ya vumbi jekundu, tai ikimpiga usoni, akafika kwa Édouard kabla ya jeneza. Lango la lupango, yaani ua wa nyumba, lilikuwa la vyuma, limefungwa. Kwa ndani alisikia mzee akisukuma kabati.

"Muzee, ni Germain! Usitoke!"

Alipogeuka walikuwa wameshaingia mtaani, mamia, na jeneza juu yao likipanda na kushuka. Nyimbo za matusi, majani kichwani, nyuso zimepakwa masizi. Fulana za njano ndizo zilizotangulia. Walipomwona mlangoni wakashangilia, kweli walishangilia, wakidhani amewahi ili asikose nafasi yake.

"Konseye! Konseye! Fungula!"

Mtu mmoja alimsukumia nyundo mkononi. Germain akaiacha ianguke. Kisha akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akashika vyuma vya lango.

"Chadrack anakufa na udongo," alisema. "Muzee hakumuua. Mupeleke mutoto akalale."

"Sanduku njo inasema!" alijibu Arsène kutoka chini ya jeneza. "Haina shiye. Fungula, Papa. Gonga tu kamoja, ingine tunajua."

"Hapana."

 Halafu sauti ya kike ikatoka katikati: "Kumbe konseye anakula batu naye!" Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili likamfungua paji la uso, damu ikaingia jichoni. Kijana aliyemjua tangu akiwa anatambaa alikuja akampiga ngumi ya tumbo, akarudi nyuma, akangoja. Wote walingoja. Wangempenda hata kama angewapiga wao, mradi mkono ule utembee. Akirusha ngumi moja tu vita vimefunguka, na lango litafuata.

Na Germain alitaka kupiga. Usidhani alikuwa mtakatifu. Mwili wake wote ulikuwa ukimwambia piga, meno yalikuwa yakisagana, alijua taya la yule kijana lingevunjika wapi. Alikaza vyuma mpaka kucha zikazama kwenye viganja. Wakampiga kwa ubao mbavuni. Wakampiga kwa mshipi, upande wa bamba. Kila aliyemkaribia alikuja na uso wa Germain kifuani, unacheka. Hakuachia.

Arsène akachoka kungoja. "Sanduku itafungula yenyewe!" alipiga kelele, na wabebaji wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakalielekeza jeneza mbele, wakaja mbio. Germain aliona mbao zikimjia. Alijipinda, akakwepesha kifua, lakini mkono wa kulia ulikuwa bado umeng'ang'ania lango. Jeneza lilimpiga hapo, kati ya mbao na chuma, na vidole vilipasuka kwa sauti aliyoizoea, sauti ya mfupa kwenye gogo la kukatia nyama. Alilia kama mnyama. Lango likapinda, halikufunguka. Wakarudi nyuma tena, wakaja tena.

Mara ya pili ni jeneza lililoachia. Ubao wa chini ulitoka, na Chadrack akaanguka.

Aliangukia vumbini kwa ubavu, shuka likamtoka, mguu mmoja ukabaki juu ya kiatu cha Arsène. Kila mtu alimwona. Udongo wa shimoni ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Maiti kuanguka njiani ni jambo ambalo hakuna anayetaka kuwa shahidi wake. Kabla mtu hajahesabu, mtaa ulikuwa umejaa visigino. Arsène aliutikisa mguu wake kama mtu aliyekanyaga nyoka, akaliachia jeneza tupu, akakimbia kuliko wote.

Walibaki wachache. Germain alikuwa amekaa chini ya lango, mkono mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hélène alifika kutoka sokoni, mikono yenye magamba ya samaki, akachana kanga yake ya kichwani akamfunga vidole. Na Carine alikuwa amepiga magoti kwa mwanawe, akimpangusa udongo kwenye nyusi kwa mate na kidole gumba, kama anavyopanguswa mtoto wa kwenda shule.

Ndani, kabati lilisukumwa. Lango lililopinda lilifunguka kwa shida, na Édouard akatoka. Alikuwa na shuka safi mkononi, lile la kitandani kwake. Alisimama. Hakuthubutu kusogea, maana mama wa marehemu alikuwa amemwona, na huyo mama, siku tatu zile, hakuwahi kusema kwamba haamini.

Carine alimtazama. Kisha akatazama ubao uliotoka, damu ya Germain kwenye mbao, ndala za watu zilizotapakaa mtaani.

"Papa Édouard," alisema, "shika mbele."

Walimrudisha Chadrack ndani ya jeneza, wakamfunika kwa shuka la mzee, wakalikaza jeneza kwa kitenge cha Hélène. Édouard alishika mbele kulia, mahali pa Arsène, na Carine kando yake. Nyuma alikuwa Hélène, na Germain kwa bega la kushoto, mkono ule mwingine umening'inia ukidondosha damu. Walipita mbele ya milango iliyofungwa, wakipumzika kila walipochoka, na fulana moja ya njano ilikuwa imetupwa mtaroni, uso juu.

Safari hii jeneza halikuyumba. Lilikwenda moja kwa moja mpaka makaburini.