Fungate ya Angani na Mama Mkwe

Nimewahi kwenda fungate na mama mkwe wangu.

Usinitukane bado. Soma kwanza, halafu uniambie wewe ungefanyaje.

Naitwa Changawa. Naishi Mjambere, Mombasa, na mke nilimpata hapo jirani tu, Junda. Mke wangu ni Lavender. Mamake jina silitaji, hata hapa mtandaoni.

Kwetu mkwe hatajwi ovyo. Humpi mkono. Humkalii karibu. Ukifika kwake unasimama mlangoni, unaamkia macho chini, anakuitikia kutoka ndani, basi yameisha. Kanisani tunaenda na Biblia tunasoma, lakini hilo la mkwe sijaona mchungaji akaligusa.

Tangu nimuoe Lavender sikuwa nimemgusa mamake hata kwa ncha ya kidole.

Sasa sikia.

Mama huyo alikuwa akiuza nazi sokoni Kongowea. Asubuhi moja lori likishusha mzigo, gunia likateleza, likamwangukia mgongoni. Alilala kwenye mkeka wake miezi, sisi tukidhani atapona kwa kukandwa. Hakupona.

Daktari akasema pingili za uti wa mgongo zimesogea, zinabana mishipa, na upasuaji wake ukafanywe India. Halafu akatoa onyo. Njiani huyu mama alale. Akikaa kitako saa nyingi, miguu inaweza kufa ganzi na isiamke tena.

Kanisa likachanga, soko likachanga. Pesa zikatosha hospitali na viti viwili vya nyuma kabisa ya ndege, vile ambavyo magoti yako yanamgonga wa mbele.

Nani ampeleke? Lavender mimba ilikuwa imefika shingoni. Kakake hana pasipoti. Ukoo mzima mwenye pasipoti ni mimi, niliyewahi kufanya ulinzi Qatar.

Nilimwomba Mungu atokee mtu mwingine yeyote. Hakutokea.

Nina rafiki yangu, Brandon, anauza tiketi za ndege kwenye kibanda chake Mjambere. Yeye ndiye aliyetukatia. Akaja Junda kunifundisha jinsi ya kupandishwa daraja, yaani utoke kule nyuma upelekwe mbele kwenye viti vinavyolala vikawa vitanda, bila kulipa nauli yake. Tuliketi barazani, chini ya dirisha la mama.

Brandon akiongea utadhani ndege ni ya babake. Vaa suti, akasema, mtu wa kandambili hapandishwi. Fika mapema. Usilielie, ongea kwa ustaarabu. Uliza kama ndege imejaa kupita kiasi, maana wakikosa nafasi nyuma huwa wanasogeza watu mbele. Halafu kuna mnada wa mtandaoni, unataja kiasi ulicho nacho, wakipenda wanakupa. Tulishajaribu huo mnada kwa visenti tulivyobakisha. Wakajibu asante kwa kujaribu.

"Ikishindikana yote, sema mko fungate," akamalizia. "Maharusi hawanyimwi."

"Brandon, mimi nasafiri na mkwe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia ateremshe sauti, mama yuko ndani na dirisha liko wazi, na akirudia neno hilo pale urafiki wetu umekwisha.

Siku ya safari nikavaa suti yangu ya harusi. Joto la Changamwe unalijua. Nilifika kaunta ya uwanja wa ndege shati limeganda mgongoni, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, leso kaiuma kwa maumivu.

Kwenye kaunta alikuwa kijana mmoja wa bara, Kioko. Mpole kabisa. Nikatabasamu kama nilivyofundishwa. Nikauliza kama ndege imejaa. Haikujaa. Nikauliza kama viti vya mbele vipo. Vipo. Nikampa barua ya daktari, akaisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana, kaka. Mgonjwa wa kulala huombewa mapema, si leo. Hapa mimi siwezi kitu."

Nikaishiwa. Suti, tabasamu, barua, vyote vimegonga ukuta. Nikaangalia pasi zetu za kupandia. Nyuma kabisa, na viti vimeshikana.

Nikamwomba basi angalau atutenganishe, mama akae kule, mimi nikae huku. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni mkwe. Kioko kwao ni Ukambani, akaelewa mara moja, na uso wake ukaonyesha ameelewa.

"Kaka, hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini msaidizi lazima akae na mgonjwa wake. Ndiyo sheria."

Yaani ninachotaka sipewi, nisichotaka ndicho ninachopakatishwa. Nilisimama pale na suti yangu kama mtu aliyekosea mlango wa harusi.

Nikaenda kushughulikia mizigo. Mama nikamwacha na msichana wa kusukuma viti vya wagonjwa, Mastura, binti wa Kimvita, mpole. Niliporudi niliwakuta wananong'ona, na Mastura anajifuta machozi. Nikajua mama amezidiwa.

Tulipofika lango la kupandia, Mastura alimwita pembeni msimamizi wao. Wakaongea, wakatutazama, wakaongea tena. Pasi zetu zikachukuliwa, zikaja nyingine. Safu ya pili.

Nikamwambia Mastura Mungu akubariki dadangu.

"Nawe akubariki, bwana harusi," akasema. "Na watu wasikuvunje moyo. Mapenzi hayana umri."

Nikageuka nyuma nione anamwambia nani.

Unajua Mombasa tumezoea kumwona kijana ameoa mtu wa umri wa mamake, ila kwa kawaida huyo mke huwa mzungu. Sisi tulikuwa weusi wote wawili, tena bibi harusi hana hela. Nadhani Mastura aliona haya sasa ndiyo mapenzi ya kweli.

Brandon, nikasema moyoni. Kaandika upuuzi wake kwenye tiketi. Nikirudi nitamvunja shingo.

Nikafungua mdomo nikanushe. Nikamtazama mama. Jasho lilikuwa linamtiririka, ile leso bado iko menoni. Nikikanusha, tunarudi nyuma na miguu yake inabaki angani. Nikaufunga mdomo.

Wewe ungeufungua?

Ndani, kiti chake kikalazwa kikawa kitanda. Mama akanyooka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu atoke Junda kumwona akiachia pumzi. Uso wote ukalegea. Nilitaka kulia, na nilitaka kukimbia, vyote kwa pamoja.

Maana kiti changu kilikuwa ubavuni mwake. Kati yetu palikuwa na kiwambo kidogo. Nikakishukuru kile kiwambo kuliko mkanda wa kiti. Nikageukia upande wa pili kabisa, mgongo kwake, macho nimeyabandika ukutani.

Mhudumu akaja, akatabasamu, akakishusha.

"Ili muwe pamoja," akasema kwa Kiingereza.

Kisha ikaja keki. Kisha sauti ya kike ikatangaza kwa Kiingereza kwamba safu ya pili wako bwana na bibi Changawa, ndiyo kwanza wameoana, tuwapongeze. Watu wakapiga makofi. Kijana wa upande wa pili akainua simu akaturekodi.

Mimi nimeshika keki. Sina pa kuiweka wala pa kujiweka.

"Wanasemaje?" mama akauliza, macho yake darini.

"Wanasema karibuni, mama."

"Waambie asante."

Nikawaambia asante. Nilikula ile keki peke yangu, nikiwa nimeinama, na sikuhisi ladha yake.

Lakini hayo yote yalikuwa mchezo. Mambo yalikuja baadaye, tukiwa juu ya bahari.

Mama alianza kujigeuzageuza. Nikajua anataka msalani. Nikamwita mhudumu, akaniambia wao hawaruhusiwi kumbeba abiria, lakini si mume yupo? Akasimama kando kunipisha. Watu wakawa wanatazama.

Nikasimama. Mikono nikaitoa mbele, nikairudisha. Nikaitoa tena. Haikwenda. Wallahi siwezi kuieleza hali ile. Mtu anateseka chini ya pua yako, nguvu unazo, na mikono imekataa amri. Nikasema labda tungoje kidogo. Tungoje nini, sikujua.

"Changawa," mama akaniita.

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. "Naam, mama."

"Utaniacha nijikojolee mbele za watu?"

Nikaitoa mikono mara nyingine, ikakomea hewani.

"Nishike, mwanangu."

Nikamshika. Mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya magoti, kama mtoto. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunitisha. Nilimbeba kwenye kile kijia chembamba huku watu wa mbele wakitazama kwa huruma na kunong'ona jinsi mume anavyompenda mkewe, na mimi machozi yananidondokea kwenye suti. Mhudumu wa kike akamsaidia kule ndani. Nikangoja mlangoni, kisha nikambeba tena.

Aliporudi kitandani akajifunika leso usoni. Tulipobadilisha ndege, habari za maharusi zilikuwa zimeshatutangulia huko, wakatulaza mbele tena. Sikubisha. Nguvu za kubisha zilikuwa zimeniishia.

Alipasuliwa. Yakaenda vizuri. Wakati wa kurudi alikuwa anaweza kukaa, tukaketishwa nyuma kama watu wote.

Nikadhani yameisha. Kumbe ile video ilifika Junda kabla yetu.

Ilikuwa imeandikwa, "Kijana wa Mombasa amuoa bibi kizee kwa mapenzi ya kweli." Watu hawana kazi. Lavender, mtoto mchanga mapajani, aliniangalia akakosa hata swali la kuanzia. Nikamweleza lile la Brandon na tiketi. Akaniamini, lakini wajomba hawakuniamini.

Tukakalishwa uani kwa mama kwenye viti vya plastiki. Mjomba Munga, kakake mama, ndiye aliyeshika simu. Anaicheza video, anaisimamisha nikiwa na keki, anaicheza tena. Akauliza kama ni kweli nililala ubavuni mwa mkwe wangu. Nikasema ni kweli. Kama nilimshika. Nikasema nilimshika. Kila jibu la kweli lilikuwa linanizamisha zaidi.

Brandon alikuwa ameitwa. Nikamnyooshea kidole nikasema huyu ndiye aliyeandika fungate.

Brandon hakuwa anacheka safari hii. Akatoa simu yake, akawaonyesha tiketi kama alivyoikata, akasema yuko tayari kuapa madhabahuni. Hakuandika kitu.

Sikuwa na mahali pa kusimama tena. Kama si Brandon, basi ni mimi. Mjomba Munga akanikazia macho, akasema niseme mwenyewe kabla hajamchukua binti yao.

Ndipo tuliposikia mkongojo sakafuni.

Mama alitoka ndani kwa miguu yake. Wengi wao hawakuwa wamemwona akisimama tangu lile gunia. Akashika mwimo wa mlango, akapumua.

"Mwacheni mtoto wa watu. Aliyesema fungate ni mimi."

Mjomba Munga akaishusha simu.

"Siku ile nilikuwa dirishani. Nilisikia maneno yote ya Brandon. Kule uwanjani nikaona suti imeshindwa, barua imeshindwa. Nikamwambia yule binti kuwa huyu ni mume wangu, tumeoana juzi, na ndugu zangu wamenikataa kwa ajili yake."

Kumbe ndiyo yale machozi ya Mastura.

"Mama," nikasema, macho chini, "mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Una heshima sana, Changawa. Mimi nilitaka miguu."

Mjomba Munga akatafuta sauti yake, akaipata, akasema hata hivyo mila imevunjwa na mbuzi wa faini lazima atoke, mkosaji amlete.

"Mkosaji ni mimi," mama akasema. "Nilimtumia mkwe wangu bila kumuuliza. Mbuzi atatoka kwangu."

Akageuka akarudi ndani polepole, na mkongojo wake. Brandon akaniangalia, nikamwangalia, nikamwomba msamaha mbele ya watu. Mpaka leo ananidai soda, anasema nilimchafulia jina la biashara.

Watu huniandikia wakiniuliza mbinu ya kupandishwa daraja kwenye ndege. Sina. Zote nilizofundishwa zilishindwa, na iliyofaulu siwezi kumshauri mtu. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa nimejivika heshima kama suti, nikajiona mkwe mwema kuliko wote Junda, na mwenye maumivu akalazimika kujivua aibu peke yake kwa sababu mimi sikuthubutu. Ukiwa na mgonjwa wako, muulize anataka nini, na umuulize mapema.

Siku hizi tumerudia desturi. Nikienda Junda nasimama mlangoni, naamkia macho chini, ananiitikia kutoka ndani.

Lakini Jumapili, tukitoka kanisani, pale kwenye ngazi, mama husimama akanyoosha mkono pembeni bila kunitazama. Nami nausogelea, naushika, tunashuka.