Sombe ya Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jiko la hospitali moja huko Kibondo, Matroni alinikabidhi aproni na kijiko cha mezani. Kijiko ndicho kilikuwa kipimo chetu: kimoja cha mafuta kwa mgonjwa wa presha, viwili kwa wengine. "Binti," aliniambia, "hapa hatumimini, tunapima. Na mgonjwa akuone unavyopima, ili akafanye hivyo hivyo kwake." Nilimtii Matroni kazi yangu yote, na balaa langu lilianzia hapo.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu kuwa mwelimishaji wa lishe. Hatukuwa tunawakataza watu vyakula wanavyovipenda. Mtu wa Titye ukimwambia aache sombe, yaani kisamvu chetu cha mawese, ataitikia vizuri kabisa, na jioni yuko kwenye sufuria yake. Sisi tulifundisha "kupunguza mzigo": chakula ni kile kile, ila mafuta na chumvi vimepungua. Mihogo ichomwe badala ya kukaangwa. Maharage yaungwe kwa nyanya na karanga. Sombe iwekwe kijiko cha mawese badala ya kikombe. Afisa Lishe alionja kila sufuria kabla ya darasa. "Kama wewe mwenyewe hutaki kuongezewa," alikuwa akisema, "usimpe mwananchi."

Kisha presha ikaingia nyumbani kwangu. Mume wangu, Mwalimu, alianguka akiwa ubaoni. Daktari akasema mafuta na chumvi vipungue, la sivyo safari nyingine hatainuka. Jioni ile nilipika sombe, nikachukua kijiko na kupima mawese mbele yake, kama niko darasani.

Kwetu Buha, mke hampimii mumewe chakula akiwa anatazama. Kufanya hivyo ni kumwambia kwamba umemchoka.

"Unanipimia mimi?" Mwalimu aliuliza. Akaisukuma sahani. Kuanzia siku ile akawa anakula kwa mama lishe wa stendi, na presha ikazidi kupanda.

Wakati huo nilikuwa nimepangiwa kufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kila Alhamisi. Mpishi wetu wa kujitolea alikuwa Mkongo, jina lake Esperansi. Niseme ukweli, nilimwonea wivu kabla hata sijaonja mkono wake. Mimi nilisimama na cheti na bango langu, wanawake wote wakamtazama yeye. Nikieleza jambo, walimgeukia kumwuliza kama ni kweli.

Alhamisi moja nilibeba bakuli la sombe yake hadi nyumbani. Mwalimu alikula mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Sasa hii ndiyo sombe!" alisema. "Naona mafuta yamerudi."

Bakuli zima lilikuwa na kijiko kimoja tu cha mawese. Hapo ndipo nilipaswa kumtaja aliyepika. Nikasema, "Karibu, ongeza."

Tangu hapo nilienda kambini na majani yangu, karanga zangu na sufuria kubwa, nikimwambia Esperansi kwamba ni majaribio. Sufuria ile tuliila siku tatu, na siku zilizobaki Mwalimu alivumilia vya kwangu akiisubiri Alhamisi. Stendi akaisahau. Presha ikashuka. Nesi alinishika mkono kunipongeza, nami nikatabasamu huku roho ikiniuma. Mume wangu alikuwa anapona kwa mkono wa mwanamke mwingine, na sifa nazila mimi.

Barua ya kustaafu ilipokuja, sikuwaza mafao. Niliwaza kwamba kibali changu cha kuingia kambini kinaisha, na Mwalimu atarudi stendi. Siku ya mwisho nilimeza kiburi, nikamwomba Esperansi anifundishe.

"Ile sufuria unabebaka kila Alhamisi," aliniuliza, "ni ya bwana?"

"Ni ya bwana."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka, nipate sababu ya kumchukia. Alinionyesha namna ya kutwanga majani hadi yalainike kabisa, kuyachemsha taratibu, kutia karanga, na kuweka dagaa wa kusaga ili chumvi iwe kidogo. Mawese hakuyagusa hadi alipoepua.

"Ukipikia ndani yanapotea, unaongeza tena," alisema. "Weka juu, moto ukiisha. Anayaona yote, anasikia na harufu."

"Na kupima?"

"Pima, mama. Lakini funga mulango kwanza."

Semina zote nilizohudhuria, hakuna aliyewahi kuniambia nifunge mlango.

Sasa napika mwenyewe. Mwalimu yu mzima, analima kabustani kake. Mgeni akija kutoka Munanila au Kabanga, humwambia, "Huyu mke wangu, mkono wake ulifunguka Alhamisi moja!" Wageni hunisifu nami hushukuru, na wivu hunishika upya. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mtafundishwa vipimo vyote. Hili la mlango nawaachia mimi, ingawa si langu.

Kila ninachoandika, Mwalimu hukisahihisha Kiswahili kwanza. Kurasa hizi nimezikalia wiki nzima. Leo nimemwekea mezani, pamoja na kalamu yake nyekundu na sahani ya sombe, na jina la Esperansi sikulifuta.