Kidole ya deliko iko mu fundo ya kitenge yangu

Admin, jina yangu uifiche. Ya batoto nimebadilisha miye mwenyewe. Niko mama wa miaka makumi tano na mbili, mukimbizi kutoka Congo, tunaishi huku Nchelenge, Zambia. Sikusoma sana, niliishia mwaka ya tatu ya primaire, basi kama maandishi inapinda mutanisamehe. Tangu juma mbili moyo haitulie. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kuchungulia mu garaji, nikirudi ugali imeungua.

Ile garaji ni bati tu, imeshikana na jiko yangu. Mutoto yangu wa kwanza, nitamuita Ilunga, anatengenezaka mapikap ya zamani na rafiki yake Chola, Muzambia wa hapa. Pikap yenye batu baliacha mu majani, kuku banataga ndani, bao babili banaifufua.

Na moja ilikuwa ya baba yake. Wakati tulikimbia, bwana yangu alituleta nayo, ya bulu, nyuma tulijaa batu, masufuria na mbuzi ya jirani. Tukafika Chienge, upande huu ya Zambia. Pale akaisimamisha, akasema anarudi kwa miguu kumutafuta mama yake, juu alikatala kutoka mu nyumba. Mbele ya kuenda akafungua moteri, akatosha kidole ya deliko. Ni kitu kidogo kama kizibo ya chupa, inazungukaka ndani ya deliko na kugawia mabujie, zile plagi, moto ya umeme. Bila yeye motokari haiwake hata uisukume mpaka Lusaka. Kwetu balikuwa banafanya vile juu ya bezi, motokari isiibiwe. Akaniwekea mu mukono: "Chunga hii, mama Ilunga. Nikirudi utanipa."

Hakurudi. Inaenda miaka munane. Kidole niliifunga mu fundo ya kitenge, nikibadilisha kitenge nafunga tena.

Mwaka jana Ilunga na Chola bakaivuta ile pikap na kamba toka Chienge mpaka kwangu. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeoza, bakapasua mapipa, bakachomelea bati mupya. Bakairefusha ibebe makasha ya samaki, bakatia maresori, zile springi za chini, ya lori iliyokufa, ikanyanyuka juu kama mbuzi anataka kuruka. Chola alitaka rangi nyeupe fasi yote. Ilunga akamuambia, "Hii mulango ya bulu ni ya baba, usiiguse. Enda upake mulango ya baba yako!" Chola akajibu, "Ya baba yangu ni ya matete, itakunywa rangi yote." Bakacheka mpaka miye naye nikacheka mu jiko.

Juma mbili zilizopita, siku balihitaji kidole, nilifungua fundo. Ilunga aliipokea, akalia, machozi na mafuta ya moteri pamoja. Pikap ikakohoa, ikawaka. Nilipiga vigelegele.

Ni pale pale akasema: "Mama, sasa naenda kutafuta baba." Kumbe kuko muchuuzi wa samaki alimuambia kule ng'ambo, upande ya Congo, kuko muzee mumoja anachechemea, anatengeneza pampu za maji, sura ni ya Ilunga kabisa. Nikamuuliza, "Na ukikosa kurudi?" Akasema, "Mama, siendi na miguu. Naenda na pikap." Lakini baba yake naye alikuwa na pikap! Na nitawaambia ukweli: naogopa akute kaburi, na naogopa akute muzee muzima na bibi mwingine. Sijui ni gani naogopa zaidi.

Kesho yake asubui balienda kuoga ku ziwa. Nikaingia mu garaji, nikafungua kifuniko ya deliko, nikatosha kidole, nikairudisha mu fundo. Miye mutu asiyejua moteri, hii moja tu nilifundishwa.

Balirudi, pikap ikakatala kuwaka, bakakuta kidole hakuna. Ilunga akaniuliza, "Mama, haukuona mutu hapa?" Nikasema hapana. Mara moja tu. Akaamini, juu mama yake hamudanganyake. Akamugeukia Chola: "Ni weye! Tangu jana unasema tubebe kwanza samaki ya kisiwa ya Chisenga, safari ingojee."

"Iwe, weye Ilunga, miye niibe kitu niliyoweka na mikono yangu?"

"Basi ni nani? Mama yangu?"

Nilikuwa nasimama pale na mwiko mu mukono. Nikageuka, nikarudi kukoroga ugali. Sasa amemushitaki kwa bazee ba kanisa, siku ya Mungu, Jumapili hii, Chola ataulizwa mbele ya batu bote.

Jana Chola alikuja kuchukua nyundo yake. "Mwapoleni, bamayo," akanisalimia kikwao, bamayo ni mama. Akaangalia fundo yangu. Akasema pole pole, "Bamayo, nilijua tangu siku ya kwanza. Kifuniko uliifunga ikapinda upande. Ilunga hakuona juu ya hasira."

Nikamuuliza, "Utasema?"

"Awe, hapana. Mama ni mama. Batanitosha mu kwaya, basi. Hata sasa sauti yangu ni mbaya." Akacheka. Akachukua nyundo, akaenda.

Na kidole ingine Ilunga ameagiza Lubumbashi, iko mu njia. Ikifika ataenda tu, na Chola atabaki mwizi bure. Nikisema leo, Ilunga ataenda na hasira juu yangu, na ile njia sitaki mutoto yangu aipite na hasira. Nikinyamaza, mutoto wa batu bengine atabeba zambi yangu mu kanisa, yeye anayeniita mama.

Bwana yangu aliniambia chunga, nikachunga miaka munane. Mara hii hakuna mutu aliniomba kuchunga. Bamama benzangu, na weye kijana uliyeshavuka kuenda kutafuta baba, munishauri: nianze na neno gani? Siku ya Mungu ni kesho kutwa, na miye niko naandika hii, mukono moja iko ku fundo.