Piga Hodi Kabla ya Kuwasha

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nashikwa na hasira hadi leo, mwanangu, na wa kwanza kukasirikiwa ni mie mwenyewe. Nitakusimulia bila kuficha kitu, maana juzi nimekufokea mbele ya wenzako, ukaondoka umenuna, na sidhani kama ulielewa nilikuwa namfokea nani.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Nina miaka thelathini na moja, mvi sina, mtoto wa kuzaa bado. Lakini pale yadi kwetu Temeke nyie ndio mnaniamkia asubuhi, nyie ndio mnaniuliza bomba hili liende wapi. Uzee nimepewa kabla ya wakati wake na sina pa kuurudisha.

Ufundi sikuusomea darasani. Nilikulia Mwananyamala, chumba kimoja na mama na dada zangu wawili, na mitambo nilijifunza kwenye simu ya dada, akiwa amelala mchana. Baadaye nikachapisha vitabu vya mitambo stesheneri, kurasa kwa kurasa za Kiingereza, nikawa nasoma na kamusi pembeni. Mtu aliyejifunza peke yake ana woga ambao nyie mliofundishwa hamuujui. Muda wote anahisi kuna ukurasa aliouruka. Nilikuwa nafunga nati, naondoka, narudi kuigusa, naondoka, narudi tena. Nikikosea herufi moja kwenye daftari nachana karatasi nzima na kuanza upya. Watu waliniita makini. Haukuwa umakini ule, ulikuwa hofu, na hofu ile ilinifanya nisisikie mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne nilipofika kwenye yale machimbo ya mawe, kule ng'ambo ya Mbezi Beach. Kazi ya kuchimba ilikuwa imekufa zamani, na familia yenye eneo ikaamua kuziacha pale zile mashine kuukuu watu waje kuziona. Kuna tingatinga lililooza viti, kuna malori ya kumwaga mawe yenye pua ndefu, kuna mtambo wa kusaga kokoto mrefu kama ghorofa. Na katikati, chini ya ukuta wa jiwe, kuna kijiko cha kamba. Siyo hivi vijiko vya sasa vinavyosukumwa na mafuta kwenye mabomba. Hiki mkono wake unavutwa na kamba za chuma, na nyumba yake nzima, injini na dereva na bonge la chuma la kukipa uzito nyuma, inazunguka juu ya minyororo yake ya kutembelea kama mtu anayegeuza kiuno.

Nilikipenda siku hiyo hiyo. Nikaomba nikifufue bure.

Mtunzaji alikuwa Mzee Mtepa, mtu wa Lindi, aliyekiendesha kile kijiko tangu ujana wake hadi machimbo yalipofungwa. Goti lake moja lilikuwa halikunji. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuniangalia nikifanya kazi, Jumapili baada ya Jumapili, miezi minne. Alikuwa na utani mkavu.

"We kijana, hiyo nati umeifunga mara tatu. Unaiaga?"

Pembeni ya lile bakuli la kuchotea mawe palikuwa na bonde, ukubwa wa sahani, chuma kimebonyea na kung'aa. Niliuliza nani kapagonga-gonga hivyo.

"Hapo usiguse," alisema. "Hapo ndipo pa hodi."

Akanieleza. Zamani akina mama wa kuvunja kokoto walikaa jua zima pale chini, na kwenye machimbo hakuna mti. Saa sita kivuli pekee kilikuwa cha mashine. Wakaja kula na kunyonyesha chini yake. Kwa hiyo dereva, kabla hajapanda, alichukua nyundo akagonga bakuli mara tatu na kuita hodi kwa sauti. Aliyekuwa chini alijibu "Subiri!" na kukusanya vitu vyake. Dereva akagonga tena. Akiitikiwa anangoja, kukiwa kimya anapanda. Mpaka siku ile, Mzee Mtepa hakuwahi kuwasha bila kugonga, hata machimbo yakiwa matupu.

Nikatikisa kichwa kwa heshima, mwanangu, kama unavyonitikisia wewe. Moyoni nikasema mzee anabisha hodi kwa chuma kana kwamba kuna jini ndani. Jumapili iliyofuata, yeye akiwa kwenye msiba, nililijaza lile bonde pati, ule udongo wa kuzibia mabonde ya chuma, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya njano. Likawa laini kama shavu la mtoto. Aliporudi akapapasa pale kwa kiganja. Ningemtazama vizuri anavyopapasa, ningejua nimefanya nini. Mie nilikuwa naangalia kama rangi imekauka.

Siku ya kukionyesha ikafika. Walikuja wageni wengi, wanafunzi, na mainjinia kadhaa wenye kofia safi. Nilikuwa nimeandika orodha ya ukaguzi, kurasa mbili, mwandiko wa kupendeza, kila jambo na kisanduku chake cha kuweka tiki. Nilizungushia utepe mwekundu pande tatu. Upande wa nne ni ukuta wa jiwe, nikajisemea hapo hapiti mtu. Kioo cha mbele nilikuwa nimekikata na kukipachika mwenyewe. Sitaki kukwambia mara ngapi nilikifuta asubuhi ile.

Mzee Mtepa goti lilimkataa kupanda. Akanishika bega.

"Panda wewe. Ila zunguka kwanza, ugonge."

"Nimeshakagua mzee."

"Gonga."

Nikawatazama wale mainjinia na simu zao zilizokwisha kuinuliwa kurekodi. Niliona aibu. Niliona wakinirekodi nagonga chuma na kuita hodi mbele ya mashine tupu, wakicheka ofisini kwao kesho yake. Nilipanda bila kugonga. Hiyo ndiyo sababu yote, mwanangu. Niliona aibu, basi.

Injini ikakohoa moshi mweusi ikawaka. Watu wakapiga makofi. Nikavuta mkono wa kuzungushia, na nyumba ikaanza kugeuka polepole, na sikumbuki kama maishani nimewahi kujiona nimekamilika namna ile.

Kisha kioo kikapasuka usoni kwangu.

Spana kubwa ilitua mapajani. Niliachia mikono yote, nikakanyaga breki, kijiko kikasimama. Pale chini Mzee Mtepa alikuwa bado ameunyoosha mkono aliorushia. Nikashuka kwa hasira, vigae vya kioo vinanidondoka shatini, na haya ndiyo maneno niliyoyasema, na ningelipa chochote yafutike:

"Umechanganyikiwa, mzee? Kioo changu!"

Alishanipita, anaburuta goti lake, anakwenda nyuma ya mashine. Nikamfuata ili niendelee kumfokea.

Kati ya lile bonge la chuma na ukuta wa jiwe alisimama mwanamke mzee, mgongo umebanwa ukutani, mikono juu, ushungi wake umenaswa kwenye boliti. Nafasi iliyobaki mbele ya kifua chake ilikuwa kiganja kimoja. Chini, beseni lake la bati lilikuwa limekunjwa kama karatasi; mlio wake ndio Mzee Mtepa aliousikia, mie injini ilinizibia masikio.

Alikuwa Bi Somoe. Alivunja kokoto pale miaka na miaka, na Mzee Mtepa ndiye aliyemwalika. Utepe wangu hakuuona kwa sababu hakupita kwenye utepe. Alishuka kwa njia ya mguu iliyokatwa kwenye ule ukuta, njia ya wavunja mawe, ambayo sikuijua kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Alifika, jua kali, akakaa kwenye kivuli alichokizoea.

Tukamtoa taratibu. Mtu akamletea maji. Ndipo nami nikamuuliza swali la kijinga, kwa sauti ya lawama kabisa: "Bibi, injini umeisikia inawaka, mbona hukutoka?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nitoke niende wapi, na mashine haijagongwa?"

Unaona, mwanangu? Kwake yeye mngurumo ulikuwa kitu cha kawaida, injini ziliachwa zikinguruma siku nzima. Kilichomwambia kwamba chuma kitatembea ni ile nyundo. Aliyaweka maisha yake kwenye ile nyundo, na mie nikaifukia kwa pati na rangi ya njano.

Mzee Mtepa akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Nikampa. Akalisoma kwa sauti mbele ya wageni wote, polepole, anafuata mstari kwa kidole. "Mafuta, tiki. Maji, tiki. Betri, tiki. Kamba, tiki. Grisi, tiki. Kioo kimefutwa, tiki." Akageuza ukurasa, akasoma hadi mwisho. Kisha akanigeuzia uso, na sijawahi kuona mtu amekasirika bila kupandisha sauti namna ile.

"Mtu yuko wapi humu?"

"Kwenye kitabu cha mashine hakimo hicho kipengele, mzee."

"Aliyeandika kitabu hakumjua Somoe. Wewe nilikwambia."

Akanirudishia daftari. Bi Somoe akasema, "Mawe yote niliyovunja hapa, kumbe leo kijana huyu alitaka nami niwe kokoto." Watu wakacheka, kwa woga tu. Sikucheka. Nilikwenda nyuma ya lori nikalia, na hata nikilia nilijikuta nakiwaza kile kioo. Nakwambia na hilo, ili ujue ugonjwa wangu ulifika wapi.

Wiki iliyofuata nilitoa pati yote kwa patasi, bonde likarudi. Kioo sikukipachika kingine. Kijiko kile kipo vilevile, uso wazi.

Sasa turudi kwako. Juzi umewasha greda, spika za simu masikioni, mwenzako yuko nyuma ya tairi anaokota spana. Nilipokufokea ukasema, "Braza, kamera ya nyuma imeonyesha kuko safi." Na mwenzako naye alipata nafasi ya kiganja. Nilikutukana, na kwa matusi nakuomba radhi. Kwa hasira siombi radhi. Umesema hurudi kazini. Hilo ni lako. Ila ukienda yadi nyingine, nenda na haya.

Kagua mashine yako yote, orodha ifuate, kamera iangalie. Kisha shuka, zunguka kwa miguu yako, gonga chuma, ita hodi, ungoje. Ngoja kweli, siyo kwa kuangalia saa. Ukigonga utachekwa, usipogonga utazika. Unapofika kazi ngeni, kabla ya kugusa rangi, waulize wanaopita pale kwa miguu wanapitia wapi na wanakaa wapi jua likiwa kali. Ukimwona mzee anakataza jambo dogo bila kueleza, mwombe akueleze, na akishaeleza, msikilize. Na ukiwa mtu wa kuogopa kukosea kama mie, jua kwamba hofu hiyo inaweza kukufanya uvitunze vitu na kuwasahau watu. Jichunge nayo. Bado ninayo.

Mzee Mtepa sasa goti la pili nalo limegoma. Siku za wageni nakwenda mie. Bi Somoe hukaa palepale, kwenye kivuli, makusudi kabisa. Nagonga mara tatu, naita hodi. Ananijibu, "Subiri kwanza, namalizia chai!" Mainjinia wanarekodi. Nasimama na nyundo yangu juani, nasubiri, na chai yake haina haraka.

Mungu akupe mikono imara, mwanangu, na macho yanayoona nyuma ya chuma. Akuweke karibu na mtu asiyeogopa kukuvunjia kioo. Na kila utakapogonga, akukute una subira, na aliye chini atoke salama na vitu vyake mkononi.

Kesho saa moja asubuhi geti litakuwa wazi. Nyundo nimekuwekea juu ya greda.