Robo ya Tatu

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, aliingia chuo kikuu akiwa na watoto wawili, mkubwa keshaanza sekondari. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mpole asiyepaza sauti hata akifukuza kuku. Siku alipotuambia amekubaliwa kusomea Kiingereza na fasihi yake, mama yetu alimtazama, kisha akamwuliza kama Kiingereza anachowafundisha watoto kila siku kimeisha muda wake. Tukacheka sote. Naye alicheka, ila nilimwona anavyozungusha pete kidoleni. Alikuwa akiitaka elimu ile kama mtu mwenye kiu, na aliogopa tusije tukamwambia arudishe kikombe.

Aliyelikata shauri ni mumewe. Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na milango mingi ya mtaa wetu ilipita mikononi mwake. Watu walimwita Cheche. Kwa kusoma hakuwa mtu wa vitabu, shule aliiacha mapema kuliko hata mimi niliyeishia la saba. Lakini alimpenda mkewe, na alipenda hadithi.

"Nenda," akamwambia. "Ila kila utakachosoma uje unihadithie. Na mimi nisome kwa mgongo wako."

Ikawa hivyo. Jioni Cheche akirudi kutoka karakana, akishaoga, alikaa kwenye kigoda cha jikoni, na wifi akahadithia huku anakatakata vitunguu. Dirisha la jiko lile lilitazamana na chumba cha mama, hatua chache tu. Mama alikuwa akilalamika kwamba kelele za wazungu wa vitabuni zinamnyima kusali. Wifi alihadithia wafalme waliouana kwa ajili ya kiti, na wasichana maskini walioposwa na mabwana wenye mashamba. Cheche alibishana nao utadhani ni majirani.

"Huyo bwana mwongo. Mwambie dada huyo aachane naye."

Wifi akamweleza kwamba kitabu kiliandikwa kabla babu zao hawajazaliwa, na dada huyo hata kama angekuwa mtu wa kweli angekuwa keshaoza.

"Hata kama. Mwambie."

Darasani wenzake wengi walikuwa wadogo kwake, wakamwita Shangazi. Alikuwa na kikundi cha kusoma nacho, watu wanne: yeye, kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, binti waliyemwita Miwani, na kaka mmoja mkimya ambaye hata salamu aliitoa kwa kichwa. Mwaka wa mwisho wakapangiwa riwaya moja nene. Maktaba ya chuo ilikuwa na nakala moja tu, na hairuhusiwi kutoka. Kwenye simu haikupatikana. Mlingoti akahangaika kwa wauza vitabu vikuukuu mpaka akaipata moja, imechakaa, na mitihani haikuwa mbali. Watu wanne, kitabu kimoja. Mmoja akianza, wa mwisho angekifikia mitihani imekwisha.

Cheche akawaambia, "Si mkigawe? Mtu akigonga kwangu na bomba moja na anataka miguu minne ya meza, mimi nafanyaje?"

Wenye kitabu wakashtuka, maana kukata kitabu kwao ni kama kuchana nguo ya mtu. Lakini njia nyingine hawakuwa nayo. Cheche akakiweka mezani, akatoa futi yake ya chuma, akapima unene kama anavyopima bomba, akagawa sawasawa, akapitisha kisu. Kila robo akaitia jalada la karatasi ya mfuko wa saruji na kuibandika kwa gundi. Alipomaliza alijisifu kwamba hakuna robo iliyopunjwa hata karatasi moja. Miwani akafungua robo ya kwanza mwishoni, akaanza kucheka hadi akavua miwani.

"Shangazi, mumeo amemkata mtu akiwa amefungua mdomo."

Kweli, kisu kilipita katikati ya maneno ya mtu. Cheche akataka kujua mtu huyo alikuwa anasema nini. Wakatazama mwanzo wa robo ya pili. Alikuwa anaomba chumvi.

"Basi si neno la kumfia mtu," akasema Cheche. "Atasubiri."

Walipopiga kura, wifi akaangukia robo ya mwisho. Kila mmoja angesoma yake kisha wazungushe, kwa hiyo yeye angeanzia mwisho, halafu ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndiyo ingekuja nyuma kabisa. Alimshauri mumewe asubiri, asije akaharibiwa utamu. Cheche akasema yeye ameshaona majengo yanaanzia paa, ahadithiwe tu.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke mwenye kinu cha kusagia nafaka kando ya mto. Mumewe alitoweka. Mwishoni kabisa mume anarudi, mvua inanyesha, anagonga mlango. Mwanamke amekaa ndani, taa inawaka, anamsikia na sauti anaijua. Hafungui. Mume anagonga hadi anachoka, anakwenda zake, na kitabu kinaishia hapo.

Cheche alikasirika kweli. "Mtu kanyeshewa vile. Kafanya nini cha kufungiwa mlango?"

"Sijui," wifi akasema. "Liko robo ya tatu hilo."

Kifua kilimwanza Cheche wakati wifi akisoma robo ya kwanza. Kikohozi alikuwa nacho siku nyingi, tukakizoea kama tunavyozoea mlango unaolia. Safari hii alianguka karakana. Madaktari walisema moshi wa miaka yote ile umeyala mapafu, wakamlaza, kisha wakaturuhusu tukamtunze nyumbani, kwa sauti ile ya upole ambayo mtu akiisikia haulizi tena.

Wifi alitaka kuacha chuo. Aliniambia hivyo huku anafua mashuka, na machozi yanadondokea kwenye povu. Nilimwambia akaseme na mwenyewe. Wakasema. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni, nikasikia.

"Nitarudi mwakani," wifi alimwambia.

"Huwezi kurudi. Nakujua. Ukikaa, umekaa." Akapumzika apate pumzi. "Mama watoto, mimi kufa sikuamui. Hili naliamua. Umalize."

Akamwapia kwamba atamaliza. Ndipo hasa hofu ilipoanza kumkaa, kwa sababu kiapo kwa mtu mwenye afya na kiapo kwa mgonjwa si kitu kimoja. Asubuhi alikwenda chuoni, mchana akarudi mbio, akambadilisha nguo mumewe, akamnywesha uji, akakaa ukingoni mwa kitanda na kile kipande chenye jalada la mfuko wa saruji. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akamwambia kwa Kiswahili. Robo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Cheche sasa alikuwa haongei sana, lakini kila alipopata nafuu alirudia swali lake moja, kwamba yule mwanamume alifanya nini.

Robo ya tatu ilifika. Katika robo hiyo kinu kinaungua, na baba mzazi wa yule mwanamke anakamatwa, anaambiwa yeye ndiye aliyekichoma. Wifi alifika pale mzee anapotolewa nyumbani kwake amefungwa mikono, binti yake anamkimbilia. Cheche akafumba macho. Wifi akadhani amesinzia, akakunja pembe ya ukurasa, akaenda kumpashia uji. Aliporudi mdogo wangu alikuwa amekwenda. Mungu alimchukua mchana kweupe, bila purukushani, na nashukuru kwa hilo ingawa kushukuru kwenyewe kuliniuma.

Tulizika. Siku iliyofuata, nyumba ingali imejaa watu, wakaja wale wenzake watatu. Walitoa pole, wakakaa. Niliwaona wanatazamana, kila mmoja anamsukumia mwenzake jambo. Hatimaye Miwani akasogea kwenye mkeka wa wifi, akamnong'oneza. Mtihani ulikuwa unakaribia sana, na robo ya tatu ilikuwa humu ndani. Yule kaka mkimya alikuwa amempisha wifi zamu yake kwa ajili ya mgonjwa, hajaisoma kabisa, na Miwani aliisoma haraka haraka akategemea kuirudia.

Minong'ono ya msibani haifichiki. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, akasikia.

"Nyinyi mmekuja kutoa pole au mmekuja maktaba?"

Mlingoti akainamisha kichwa, urefu wake wote ukakunjika. Alijaribu kusema kwamba wao wenyewe wanaona aibu. Baba mdogo akamwambia aibu haionwi, inafanywa, na kama wanayo watoke nayo. Wifi alikuwa hajasema kitu tangu makaburini. Sasa akavuta kile kipande kutoka chini ya mto aliokuwa ameegemea, akakishika kwa mikono miwili kifuani.

"Siitoi," akasema. "Hatujaimaliza."

Miwani alianza kulia. Mama yetu, aliyekuwa amelala kwenye kona amejifunika uso, akaondoa khanga.

"Mwanangu alipokikata kile kitabu, alikikata asome nani?"

"Wote, mama," wifi akajibu.

"Haya. Usimvunjie kazi yake."

Wifi akakitazama kile kipande. Alikuwa karibu kumnyooshea Miwani, ndipo mama akainuka akakaa sawasawa.

"Lakini kabla hawajakichukua. Yule mwanamume alifanya nini?"

Tuligeuka sote kumtazama. Miaka yote ile mama alikuwa anasikiliza dirishani kwake, na sisi tukidhani anasali. Wifi akafungua pembe iliyokunjwa. Akaanza, anasoma mstari kwa macho, anatuambia kwa Kiswahili, taratibu, vile vile alivyokuwa akimwambia mumewe, na wanawake waliokuwa wanaosha vyombo uani wakaja wakasimama mlangoni mikono inadondosha maji.

Kinu alikichoma mume mwenyewe. Alitaka kuondoka na hakutaka kitu cha kumrudisha. Akanyamaza mkwewe akichukuliwa, na yule mzee alifia gerezani. Mke alikuja kuyajua hayo mume akiwa keshavuka mto.

Wifi alipomaliza, mama alivuta khanga yake mabegani.

"Alistahili kunyeshewa," akasema. Halafu akasema, "Lakini mwanangu angemfungulia." Akajifunika tena.

Miwani akakipokea kile kipande kwa mikono miwili, wakaaga, wakaondoka. Wote watatu walifanya mtihani na wakafaulu. Wifi hakuufanya. Asubuhi ya mtihani nilikwenda kumwamsha, alikuwa macho, amevaa, kiatu kimoja kiko mguuni. Alikaa ukingoni mwa kile kitanda na hakuweza kusimama. Sikumlazimisha. Nilikaa naye, nikamwomba Mungu ampe nguvu ya kuvaa cha pili tu, mengine tutayaona. Hakupewa siku ile.

Chuo kilimruhusu kurudia mwakani. Mimi niliyekuwa nimesikia kile kiapo nilimtazama tu, maana Cheche alisema anamjua, kwamba akikaa amekaa. Na kweli alikaa. Alifundisha darasa lake la tatu, akarudi, akapika kimya. Wakati wa kujiandikisha ulipokaribia kupita ndipo akaniomba nimbakie na watoto. Alipofika chuoni alikuta riwaya imebadilishwa. Ile waliyoikata haikuwamo tena, wamepangiwa nyingine, na wanafunzi wengine asiowajua. Alisoma peke yake, maktabani, na nyumbani hakuhadithia. Mara moja mama alimdokeza kwamba dirisha la jiko liko wazi. Wifi akamwambia, "Bado, mama. Nisamehe."

Matokeo yalimkuta uani anaanua nguo. Alisoma kwenye simu, akaisoma tena, akaja kunionyesha ingawa anajua macho yangu hayaoni maandishi madogo yale.

"Wifi, nimepita."

Nikamkumbatia. Alikuwa amesimama wima ndani ya mikono yangu kama mtu anayesubiri kupimwa nguo.

"Sasa nikamwambie nani?" akaniuliza.

Sikutaka kumdanganya kwa maneno ya kanisani ambayo yeye mwenyewe anayajua. Nikachukua nguo zile mikononi mwake. Alibaki amesimama pale chini ya kamba, kisha akapangusa uso kwa kiganja, akaingia chumbani kwa mama. Mlango aliurudishia. Nilikunja nguo zote, za watoto na zake, na alikuwa bado hajatoka.